Kumtafuta babu aliyefia vitani Burma

Ndugu, kwa kuwa kaka wa babu yako alichukuliwa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza) na hakurudi kutoka Burma (sasa Myanmar) katika Vita vya Pili vya Dunia, anza na tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola (CWGC). Kutafuta ni bure. Chagua kikosi na mwaka kwanza, jina uliandike baadaye, maana makarani waliandika walivyosikia: Hamisi, Khamis, Amisi, jina la baba pengine halipo kabisa. Ukiona barua au karatasi yoyote ya zamani nyumbani, tafuta namba yake ya jeshi. Hiyo ndiyo inayotenganisha watu wa jina moja. Medali haitasaidia sana, nyingi za vita ile hazikuchongwa jina.

Mwenye kaburi huenda yuko Taukkyan, nje ya Yangon, au Imphal, India. Asiye na kaburi, soma orodha ya Mnara wa Rangoon (jina la zamani la Yangon), papo hapo Taukkyan. Ila kama alizama na meli Khedive Ismail, Februari 12, 1944, msihangaike na Burma: waliopotea humo wanakumbukwa kwenye mnara wa makaburi ya vita, Ngong Road, Nairobi.

Hitma au misa msiicheleweshe kwa kungoja majibu.