Treni Haifeli Breki

Msomaji wa Ngamiani, Tanga, ambaye amefanya kazi ya reli kwa miaka mingi, ananiuliza hivi: "Waingereza walikuwa na behewa fupi na zito, lisilobeba abiria wala mizigo, ambalo liliunganishwa na kichwa cha treni ili treni isifeli breki kwenye mteremko. Kwa Kiswahili tuliiteje?"

Tuliite behewa la kuongeza breki. Behewa la breki, bila neno la kuongeza, tayari lina kazi yake, nalo ni lile la mwisho alimokaa gadi na breki yake ya mkono. Behewa lenyewe ni neno lililotoka Uarabuni likiwa na maana ya ukumbi, likakaa katika nyumba za mwambao kabla ya kupanda reli. Chombo hicho kilihitajika kwa sababu injini za dizeli zilizoingia Uingereza zilikuwa nyepesi kuliko za mvuke, ilhali mabehewa mengi ya mizigo hayakuwa na breki ambazo dereva angeweza kuzifunga kutoka mbele. Kwa hiyo likaongezwa behewa lenye uzito wa zaidi ya tani 30, ambalo breki zake zilimtii dereva.

Ila katika swali lako, ndugu yangu, umeandika "treni isifeli breki", na hapo siwezi kupita kimya, kwa kuwa neno hilo nalisikia kila ajali inapotangazwa, na kila ninapolisikia naona tumenyimwa habari.

Muundo wa sentensi sina ugomvi nao. Tunasema mtoto amevunjika mguu, tunasema gari limepasuka tairi, na huo ni Kiswahili safi ambacho hakikuazimwa popote. Lakini pasuka inaeleza kilichotokea, na vunjika vilevile. Feli haielezi kitu. Ni neno la Kiingereza lililoingia kwa mlango wa shule, na huko kwenye mitihani nimekwisha kuliachia likae, maana wanafunzi wamelizoea na maana yake haimpotezi mtu. (Wazee wetu walikuwa na feli nyingine, ya Kiarabu, yaani kitendo, hasa kitendo kiovu, hiyo ni jina, wala haihusiani na hii.) Breki haikukalia mtihani.

Mtu wa reli anajua kwamba breki za upepo za treni, kwa muundo ambao George Westinghouse wa Marekani aliubuni mwaka 1872, hufunguka kwa upepo uliojaa katika bomba linalopita treni nzima, na hujifunga upepo huo unapopungua. Basi mpira wa bomba hilo ukikatika kati ya behewa na behewa, treni husimama, haikimbii. Inayokimbia mteremkoni ni treni ambayo dereva wake amefunga na kufungua breki mara nyingi mno hadi akiba ya upepo katika matangi ya mabehewa ikaisha, au ambayo koki ya bomba ilifungwa nyuma ya kichwa, au iliyoachwa bila kukazwa breki za mkono, au ambayo breki zake zimepata joto hadi zikapoteza nguvu ya kubana. Hayo ni mambo manne tofauti, yenye watu tofauti wa kuulizwa, nasi tunayafunika yote kwa neno moja la darasani. Tarehe 24 Juni 2002, huko Igandu, mkoani Dodoma, treni ya abiria ilirudi nyuma kwenye mteremko ikagongana na treni ya mizigo, na watu zaidi ya 200 wakafa. Aliyefiwa kwa ajali ya namna hiyo ana haki ya kupewa kitenzi kinachosema jambo.

Wala maneno hayajatuishia. Simama Mombo, ambapo malori yanashuka kutoka Lushoto na Soni kwa kona zile kali, usikilize mafundi na utingo. Watakwambia upepo umekwisha, breki zimeungua, breki zimelegea, breki zimeachia, mpira umekatika. Kila kauli inamwambia msikilizaji wapi pa kutazama, na hakuna hata moja iliyohitaji kamusi. Na kama sababu haijajulikana bado, tunalo la kusema pia: gari limekosa breki. Hiyo inakiri kwamba breki hazikupatikana zilipohitajika, na inaacha mlango wazi kwa swali la kwa nini.

Mtangazaji anayesoma habari kwa haraka naweza kumvumilia. Wewe uliyeshika koki na mpira kwa mikono yako siwezi, kwa sababu unayajua yaliyomo ndani ya neno hilo kuliko mimi. Sentensi yako ningeiandika hivi: behewa fupi na zito lililounganishwa na kichwa cha treni, ili dereva asikose breki za kutosha kwenye mteremko.