Jibu: Waziri anakuwaje mbunge tena?

Mkuu umeuliza kama mihimili ya dola ni mitatu na kila mmoja unajitegemea, mbona waziri ni mbunge hapo hapo. Juzi tu kijiweni hapa Kilombero, Arusha, tumebishana hilo hilo mpaka kahawa ikapoa. Iko hivi, ibara ya 4 ya katiba ya Tanzania ya 1977 imegawa kweli, serikali inatenda, bunge linatunga sheria, mahakama inatoa haki, ila ukishuka ibara ya 55 mawaziri wanateuliwa kutoka kwa wabunge, na ya 62 inasema bunge lina sehemu mbili, rais na wabunge, kwa hiyo kwetu imechanganywa makusudi, mfumo wa Mwingereza huo. Marekani huwezi, ukiwa waziri unaachia kiti cha bunge. Mi binafsi naona ya Marekani iko poa, maana waziri ataibanaje serikali ambayo ni yeye mwenyewe?

Mahakama ndo imetengwa kidogo, ibara ya 107A inaipa kauli ya mwisho kwenye kutoa haki, japo Jaji Mkuu anateuliwa na rais. Ndo maana hata DC (mkuu wa wilaya) akikuweka ndani, sheria ya tawala za mikoa ya 1997 inampa saa 48 tu, zikiisha akupeleke mahakamani au akuachie.