Kovu la mafuta ya korosho na ngozi inayowasha: vya asili vinavyosaidia na vya kuviacha

Dada wa Nachingwea, pole sana. Kwa wanaoingia sasa hivi: dada alikuwa anachoma korosho nyumbani, ganda likapasuka, mafuta yake yakamrukia mkononi na shavuni. Kidonda kimeshafunga. Mkononi limebaki kovu lililoinuka kidogo, shavuni doa jeusi, kote kunawasha, na ngozi yake tangu utotoni haivumilii vitu vingi. Waliotangulia wamemshauri limao, manjano, majivu, ganda la embe, shubiri na asali ya Liwale. Yeye anataka vya asili vya kutuliza, hataki krimu kali.

Nimekulia Newala kwenye nyumba ya wabanguaji, na mengi ya haya nimejifunza kutoka kwenye mikono ya mama na shangazi zangu. Sasa niko Mtwara mjini, nakamua mafuta ya nazi na kuyauza, kwa hiyo ujue kabisa kwamba nina maslahi kwenye nazi. Nitasema pia pale ambapo nazi haifai.

Jambo kubwa nilitangulize: hakuna kitu cha jikoni wala cha shambani kinachofuta kovu. Kovu ni ngozi mpya ambayo mwili umeijenga kwa haraka ili kuziba pengo, halafu unaendelea kuipanga upya polepole kwa mwaka mzima, wakati mwingine hata 2. Katika muda huo rangi inafifia, ugumu unalegea, muwasho unapungua. Kinachosaidia ni kile kinachouachia mwili nafasi ya kufanya kazi hiyo: ngozi isikauke, isipigwe jua, isisuguliwe, isipakwe vitu vikali. Ndiyo maana ninapenda vitu vichache vya kawaida kuliko mchanganyiko wa vitu kumi.

Ganda la embe ndilo lililonishtua zaidi. Mkorosho na mwembe ni mimea ya ukoo mmoja. Mafuta ya ganda la korosho yana asidi ya anakadiki na kemikali nyingine iitwayo kadoli, na hizo huunguza ngozi hata kama ganda halijapata moto. Mbanguaji asiyejikinga vidole vyake huwa vyeusi na kuchubuka hata kwa korosho iliyopoa. Mbali na kuunguza, ngozi za baadhi ya watu huanza kuyakataa: mara za mwanzo hakuna neno, baadaye tone dogo tu linaleta malengelenge. Ngozi ya namna hiyo mara nyingi huwaka pia kwa utomvu wa embe, kwa kuwa vilivyomo vinafanana. Kwetu wapo ndugu ambao wakimenya embe kwa meno midomo inavimba na upele unatoka pembeni, na hao hao ndio wasioweza kukaa kwenye ubanguaji. Kama na wewe uko hivyo, kusugua ganda la embe shavuni ni kujiunguza upya palepale. Embe kula, ila umenyewe na mtu mwingine na ukatiwe vipande.

Limao na ndimu usipake kabisa. Ngozi yenye afya ina uchachu mdogo, pH ya karibu 5, na limao liko karibu 2 (pH ni kipimo cha uchachu, namba ikishuka uchachu unazidi). Hilo peke yake linatosha kuichoma ngozi laini ya kovu. Halafu maji ya jamii hiyo ya matunda, ndimu hasa, yana kemikali ambazo zikikutana na jua huunguza ngozi na kuacha weusi unaokaa wiki au miezi. Jua letu la Kusini unalijua. Mtu anapaka ndimu asubuhi ili doa liondoke, anatoka kwenda shambani, doa linarudi kubwa na jeusi kuliko lilivyokuwa, kisha anaongeza ndimu akidhani aliyopaka ilikuwa haba.

Majivu yana mahali pake. Wabanguaji hupaka mafuta na majivu mikononi kabla ya kazi, ngozi ikiwa nzima, ili mafuta ya ganda yasishike. Glavu ni bora zaidi, lakini hilo silipingi. Kwenye ngozi iliyounguzwa ni habari nyingine. Majivu ya kuni yana magadi, yanachoma. Na kitu chochote cheusi kikiingia kwenye ngozi iliyo wazi kinaweza kubaki humo. Waangalieni wazee wetu wa Kimakonde na Kimakua wenye nembo usoni: fundi alichanja, akasugulia mkaa uliosagwa kwenye chanjo, na rangi ile imekaa nao maisha yote. Wao waliitaka ikae. Anayetibu kidonda cha moto kwa mkaa au majivu anafanya kitu kilekile pasipo kukusudia.

Manjano na liwa sivichukii. Bibi harusi anaposingwa, ngozi yake ni nzima na singo linaoshwa siku hiyohiyo. Ng'ambo ya Ruvuma, Wamakua wa Msumbiji wanapaka usoni msiro, ule ujiuji mweupe wa mti uliosagwa, nao ni urembo wenye heshima. Lakini wewe una kovu bichi na ngozi inayowasha. Unga unakausha, kuusugua kunachubua, manjano yanatia rangi, na wapo wanaotoka upele kwa manjano hayohayo. Tena liwa ya unga inayouzwa mara nyingi imetiwa manukato. Subiri kwanza ngozi itulie.

Sasa mafuta. Ya nazi yananifaa na yanawafaa wateja wangu wengi wenye ngozi kavu, na sababu yake si ngumu: yanafunga unyevu usitoke, na karibu nusu yake ni asidi ya lauriki, ambayo hupunguza baadhi ya vijidudu vya ngozini. Yawe safi. Mimi nakuna nazi iliyokomaa, nakamua kasimile, nalilaza tui usiku mpaka sehemu nzito ipande juu, kisha naipika kwa moto mdogo sana mpaka mafuta yajitenge, na naepua kabla mabaki hayajaungua. Mafuta yaliyoungua yana rangi ya kahawia na harufu ya kaango. Hayo ya nywele sawa, ya kovu hapana. Yakinuka uchachu, mwaga. Na usinunue yaliyotiwa manukato, kwa maana manukato ni adui mkubwa wa ngozi kama yako.

Palipo na chunusi nazi haifai, hasa usoni, kwa kuwa inaziba vinyweleo. Kwa shavu lako ningeanza na ufuta. Wana Lindi mna ufuta mwingi, ila tunauona wa mnada tu. Mafuta yake yaliyokamuliwa bila kukaanga mbegu ni mepesi, yana asidi ya linoleiki kwa wingi, ambayo ngozi huihitaji kujenga ukuta wake wa nje, na hayaharibiki haraka. Kama mtu hupata mzio akila ufuta, asiyapake. Mafuta ya ubuyu nayo ni mazuri kwa usoni ukiyapata kwa mtu unayemwamini. Ya nyonyo ni mazito mno, yanavutia vumbi. Nayaona yanafaa usiku kwenye viganja vilivyopasuka, basi.

Namna ya kupaka ina uzito kuliko aina ya mafuta. Oga kwa maji ya uvuguvugu, usitumie dodoki wala sabuni ya mche sehemu hizo. Sabuni ya kufulia ina magadi makali na ngozi inayowasha haiiwezi. Jifute kwa kugusagusa, na ngozi ikiwa bado na unyevu ndipo upake mafuta kidogo. Kisha kwa kovu la mkononi, likande kwa kidole gumba: bonyeza kiasi cha ngozi kubadilika rangi, zungusha, sogeza juu na chini, dakika 5 hivi, mara 2 au 3 kwa siku. Kukanda kunalegeza ugumu na kunapunguza muwasho. Kuwe kukanda, si kusugua. Ukiona ngozi inachubuka au inauma, acha kwa muda. Shavuni hakuna haja ya kukanda kwa sababu pale pana doa tu.

Muwasho ukizidi usiku, kitambaa safi cha pamba kilicholowekwa maji baridi kinatuliza vizuri. Kata kucha. Kila ukijikuna unaleta weusi mpya, na kwenye ngozi zetu nyeusi hilo ndilo linalochelewesha doa kuondoka kuliko kitu kingine chochote.

Shubiri inatuliza pia, nakubaliana na aliyeitaja. Tumia alovera yenyewe ile yenye majani manene, siyo kila shubiri ya porini. Kata jani, lisimamishe mpaka ule utomvu wa njano utoke wote, osha, menya, chukua ule ute mweupe wa ndani tu. Utomvu wa njano ndio unaowasha watu halafu wanasema alovera ni mbaya. Ute hauhifadhiki nje ya friji, kwa hiyo chukua kidogo cha kutumia siku ile. Na ukishakauka ngozini, paka mafuta juu yake, la sivyo utahisi ngozi inavuta.

Asali ya Liwale mliyoisifia ni nzuri, lakini kazi yake kubwa ni kwenye kidonda kilicho wazi, maana ina maji machache, ina uchachu, na vijidudu havistawi humo. Hata huko, hospitali hutumia asali iliyosafishwa maalumu, si ya chupani. Kwa kovu lililokwisha kufunga haibadilishi kitu.

Kitu chochote kipya, hata mafuta yangu, kijaribu kwanza kwenye kiwiko upande wa ndani. Paka asubuhi na jioni, na usiridhike na siku moja, kwa sababu mzio wa ngozi unaweza kujionyesha baada ya siku 2 au 3. Jaribu kimoja kimoja, ukichanganya hutajua kipi kimekuwasha. Vitamini E ya kutoboa kidonge iache: haijaonyesha faida kwa makovu na wengine huwatoa upele.

Jua nimeliacha huku chini lakini lina uzito kuliko mafuta yote niliyoyataja. Doa la shavuni halitafifia likiwa linachomwa kila siku. Khanga ishuke mpaka usawa wa nyusi, kofia ya ukindu yenye ukingo mpana, shughuli za nje asubuhi na jioni. Mafuta ya nazi hayazuii jua, msidanganyane. Ukiweza kupata losheni ya jua yenye zinki, kinga (SPF) 30 kwenda juu, isiyo na manukato, paka. Zinki haiwashi ngozi nyingi. Moshi pale hospitali ya KCMC kuna kituo cha magonjwa ya ngozi ambako ndiko ilikoanza kutengenezwa losheni ya Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino, na hata hao wenye losheni huambiwa nguo na kofia viwepo. Na wakati wa kupulizia salfa dhidi ya ubwiriunga, ule ukungu wa mikorosho, kaa mbali au jifunike. Vumbi lile linachokoza ngozi na macho, na kwa kovu bichi ni mateso.

Ninayoogopa zaidi kwako ni krimu "ya asili" ya kwenye kikopo kisicho na maandishi. Niliwahi kupewa dukani moja ya namna hiyo, nikaambiwa ni shubiri na asali tupu, doa linakwisha ndani ya wiki. Nikaikataa na kuondoka. Shubiri haifanyi kazi hiyo kwa wiki. Mara nyingi kinachofanya hivyo ni dawa ya steroidi, hidrokwinoni ya kuchubua rangi ya ngozi, au zebaki, na vipodozi vyenye zebaki na hidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini. Steroidi huituliza ngozi haraka kweli, lakini ukiipaka kiholela ngozi inakuwa nyembamba, na ukiiacha muwasho unarudi kwa hasira. Zebaki inaingia mwilini na kuumiza figo.

Kama kovu la mkononi litazidi kuinuka, uliza famasia karatasi au jeli ya silikoni. Si ya shambani, lakini ni salama kwa ngozi nyingi na ndiyo yenye ushahidi mzuri kwa makovu ya kuinuka. Hukaa saa 12 au zaidi kwa siku, kwa miezi 2 au 3, na ngozi chini yake ioshwe kila siku.

Kwa wengine mnaosoma: mafuta ya ganda yakikurukia, yafute upesi kwa kitambaa, osha kwa sabuni na maji ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Vua pete na bangili kabla mkono haujavimba. Dawa ya meno, yai, na mafuta yoyote, ya nazi yakiwemo, viwekeni mbali. Yakiingia jichoni, suuza kwa maji mengi na uende hospitali palepale.

Dada, nijibu mambo mawili. Kovu la mkononi limebaki ndani ya mipaka ya kidonda cha mwanzo, au limeanza kutambaa nje yake? Na kuna mtu kwenu ambaye akitoboa masikio anatoka vinundu? Likiwa limevuka mipaka, hiyo ni keloidi, kovu linalokua kupita kidonda na mara nyingi hufuata ukoo, na hapo usikande wala usingoje mafuta, nenda hospitali ya Sokoine pale Lindi au ya Ndanda ukaonane na daktari mapema. Hutibiwa kwa sindano za kwenye kovu lenyewe. Usikubali likatwe tu bila tiba nyingine, kwa maana mara nyingi hurudi kubwa zaidi. Likiwa limebaki ndani ya mipaka, anza na mafuta na kukanda, na uanze leo jioni baada ya kuoga.