Nachora vizuri, ila kazi ya grafiki sijui naanzia wapi

Barua za wiki hii karibu zote zimetoka kwa wanafunzi wachoraji. Nimezifupisha kidogo.

Shikamoo. Nipo kidato cha nne, Morogoro. Nachora sura za watu kwa penseli. Mzee anasema uchoraji hauna ajira, na nikimtajia usanifu wa grafiki anauliza ndiyo nini. Nimjibuje?

Marahaba mwanangu. Muonyeshe vitu alivyoshika tangu asubuhi: pakiti ya majani ya chai, kadi ya mchango wa harusi, gazeti, vocha. Kila kimoja kuna mtu alikaa akakipanga, akalipwa.

Kisha mwombe mama khanga moja uitandaze sakafuni. Pindo limeizunguka pande zote, mji uko katikati, na jina, yaani yale maneno ya khanga, limekaa chini ya mji, ndani ya kisanduku chake. Rangi ni chache na kila moja ina kazi. Aliyeipanga alijua itafungwa kiunoni na mvaaji atakuwa anatembea, na bado jina linasomeka ukiwa nyuma yake. Naiona kama somo bora la grafiki tulilonalo nyumbani, na halina ada.

Sasa upande wako. Mkono wako ni mtaji, lakini picha ya penseli inakwisha ukiridhika wewe, na kazi ya grafiki inakwisha pale mtu asiyekujua anapoelewa. Wachoraji wengi wanakwama kwenye herufi. Anachora simba wa kupendeza, halafu jina la duka analibandika juu kwa fonti yoyote iliyo karibu. Zichore herufi kwa subira ile ile unayochorea pua na macho. Jaribu leo: andika MAWINGU kwa herufi kubwa, upime kwa rula nafasi sawa kati ya kila herufi. Utaona I na N zimebanana, A na W zimeachana, ingawa rula inasema zote sawa. Rekebisha kwa jicho mpaka neno litulie. Ukiliweza hilo kwa mkono, kompyuta haitakusumbua.

Sina kompyuta, nina simu tu. Nisubiri?

Usisubiri. Chora kwenye karatasi, piga picha mchana penye mwanga, panga maandishi kwa programu ya simu. Lakini simu haikufikishi mbali, kwa hiyo nenda stesheneri ya mtaani, ongea na mwenyewe kwa adabu, omba kukaa pale saa ambazo wateja ni wachache. Saidia kukata na kupanga kadi, naye akufundishe. Ukipata mashine, Inkscape, GIMP na Krita ni za bure kabisa. Usiweke programu za wizi. Mara nyingi zinakuja na virusi, na flashi yako itavihamishia kwenye mashine za watu.

Nimemaliza kidato cha sita. Niende chuo au nijifunzie kwenye YouTube?

Kama familia ina uwezo au umepata mkopo, nenda. Kuna Idara ya Sanaa Bunifu pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuna TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni kule Bagamoyo, na kuna kozi fupi. Faida kubwa ya chuo ni kwamba kazi yako inakosolewa na watu wanaojua, jambo ambalo video haifanyi. Lakini cheti peke yake hakitakupa kazi; mteja anataka kuona kazi. Gado, mchora katuni mzaliwa wa Dar es Salaam, aliacha masomo ya usanifu majengo Chuo cha Ardhi akaenda Nairobi kuchorea gazeti la Nation mwaka 1992. Aliweza kwa sababu katuni zake zilikuwa zimeshaanza kuchapwa magazetini. Wewe una nini cha kuonyesha leo?

Nilitengeneza kipeperushi cha kanisa. Kwenye skrini bluu ilikuwa inawaka, kilivyochapwa ikawa zambarau, na maandishi ya pembeni yakakatwa. Mchapaji ameniharibia?

Hapana, faili ndilo lilikuwa na shida. Skrini inatengeneza rangi kwa mwanga: nyekundu, kijani, bluu. Mashine inatumia wino wa rangi nne: samawati, majenta (waridi iliyokolea), njano na nyeusi, yaani CMYK. Ile bluu inayowaka wino hauifikii. Weka faili kwenye CMYK tangu mwanzo, na kwenye bluu punguza majenta. Kiasi cha majenta kikikaribiana na cha samawati, zambarau inakuja yenyewe.

Kuhusu kukatwa: kisu hakikati kwa usahihi wa unywele. Rangi ya nyuma ivuke ukingo kwa milimita 3 kila upande, na maandishi yakae ndani, mbali na ukingo. Kwa A5, yenye milimita 148 kwa 210, faili liwe 154 kwa 216. Picha ziwe na dpi 300, yaani nukta 300 kwa kila inchi. Maandishi madogo yawe ya nyeusi tupu. Ukiyajenga kwa rangi zote nne na mashine ikayumba kidogo tu, kila herufi inapata kivuli. Na kabla ya nakala 1,000, omba sampuli moja uishike mkononi.

Mteja anasema nimfanyie nembo bure, atanitangaza. Nikubali?

Kama ni msikiti wenu, kanisa lenu au shangazi anayefungua genge, toa kwa moyo mmoja. Mfanyabiashara alipe. Chukua nusu kabla ya kuanza, na mwandikie, hata kwa ujumbe wa WhatsApp, atapata michoro mingapi, atarekebishiwa mara ngapi, na nembo itakuwa mali ya nani akishalipa. Mpaka amalize deni, mtumie picha ndogo ya kuangalia. Faili lenyewe libaki kwako.