Cosimo de' Medici hakuwa mfalme wa Florence

Je, Cosimo de' Medici, tajiri wa benki wa karne ya 15 katika mji wa Florence, Italia, alikuwa mfalme? Hapana, hakuwahi kuwa mfalme wala mtawala rasmi. Florence ilikuwa jamhuri, na viongozi wakuu walikaa madarakani miezi 2 tu. Majina ya wanaostahili yalitiwa kwenye mifuko ya ngozi, yakachomolewa kama bahati nasibu. Nguvu yake ilikuwa hapo hapo: aliporudi kutoka uhamishoni mwaka 1434, watu wake ndio walioamua majina yapi yaingie mfukoni. Ukichomoa, unakuta rafiki yake, au mtu anayedaiwa na benki yake. Benki yenyewe aliianzisha baba yake, Giovanni, mwaka 1397, na faida kubwa ilitokana na kutunza fedha za Papa.

Kuhusu fedha alizotoa kwa sanaa na majengo, haikuwa fahari peke yake. Kanisa lilihesabu riba kuwa dhambi, kwa hiyo kujenga nyumba za ibada ilikuwa pia njia ya kutafuta msamaha. Monasteri ya San Marco aliigharamia yeye. Msanifu majengo Michelozzo akaijenga upya na mtawa mchoraji Fra Angelico akachora kutani katika vyumba vya watawa. Cosimo alikuwa na chumba chake humo, chenye picha ya Mamajusi wakimsujudia mtoto Yesu. Kwa tajiri anayetaka kusamehewa, naona picha hiyo ilimfaa kabisa.

Angalia tu usichanganye vizazi: cheo rasmi cha mtawala wa Florence (duke) kilikuja baadaye sana, mwaka 1532, kwa Alessandro de' Medici.