Kabla Hujaweka Kachumbari Yako Kwenye Hotidogi ya Watu

Juzi kijana mmoja aliyeko Dallas aliniandikia ujumbe mrefu. Anataka kununua toroli auze hotidogi, na juu yake aweke kachumbari, ukwaju na pilipili ya kukaanga, "ili wajue sisi tumetoka wapi." Mwisho akauliza: "Kaka, Wamarekani watakula?"

Watakula, mdogo wangu. Ila usianzie hapo.

Mimi nauza hotidogi Chicago, na kabla ya hapo niliuza smokie pasua, zile soseji za kupasuliwa, Nairobi, karibu na steji ya matatu. Kwa hiyo toroli nimelisukuma mabara mawili. Nyumbani kazi yenyewe ilikuwa nyepesi: smokie inapashwa, unaipasua kwa urefu, unashindilia nyanya, kitunguu na dania, unamwagia pilipili, mteja anaondoka akitafuna huku anakimbilia gari. Akikwambia ongeza, unaongeza. Akitaka bila kitunguu, hewala. Hakuna anayekusahihisha.

Chicago wanakusahihisha.

Nilianza kama kibarua kwenye kibanda cha mzee mmoja upande wa kusini wa jiji. Yule mzee hakuwa na habari na smokie zangu. Aliniweka kwenye vitunguu, nikakata vitunguu hadi macho yakazoea. Kisha mikate. Dirishani, penye wateja, nilisogezwa baadaye sana, na hata hapo alisimama nyuma yangu akihesabu kwa midomo kila nilichokiweka.

Maana hotidogi ya Chicago ina mpangilio wake, na nauandika hapa kwa sababu naulizwa kila mara. Soseji ni nyama ya ng'ombe tupu. Haitokoswi, inakaa kwenye maji ya moto yaliyo chini ya kuchemka, ngozi isipasuke, ili mteja aking'ata asikie ule mlio. Mkate una mbegu za popi, na unapashwa kwa mvuke hadi uwe laini kama shavu la mtoto. Haradali ya manjano inatangulia, juu ya soseji yenyewe. Inafuata achari tamu ya matango, ya kijani ambacho hukioni kwenye shamba lolote duniani. Halafu kitunguu cheupe kilichokatwa vidogo. Vipande vya nyanya unavisukumia upande mmoja, kati ya soseji na mkate, na upande wa pili unalaza kipande kirefu cha tango la siki. Juu yake pilipili ndogo za siki, mbili au tatu. Mwisho kabisa, chumvi ya selari, yaani chumvi iliyochanganywa na mbegu za mboga ya selari. Ukiisahau hiyo chumvi, mteja aliyezaliwa hapa anajua kabla hajafika kwenye gari lake, na anarudi.

Sosi ya nyanya haimo. Kuna baraza la kitaifa la hotidogi na soseji Marekani, sikutanii, na mwongozo wake wa adabu unasema mtu akishapita miaka 18 asiiweke kwenye hotidogi. Chicago wanaishi hivyo bila kusoma mwongozo.

Usidhani ni ukaidi wa bure. Vienna Beef, kampuni ambayo jina lake utaliona kwenye vibanda vingi huku, ilianzia kwenye maonyesho makubwa ya dunia yaliyofanyika hapa mwaka 1893, wahamiaji wawili kutoka Austria-Hungaria, Emil Reichel na Samuel Ladany, walipouza soseji zao za ng'ombe. Ule mlima wa mboga ulikuja na miaka ya njaa. Kibanda cha Fluky's kilifunguliwa 1929 kwenye soko la Maxwell Street, kikauza soseji pamoja na mboga zake kwa senti 5, na mtu asiye na kazi akapata mlo mkononi. Ukimsikia mzee wa hapa anagombana kuhusu tango la siki, jua anatetea alichokula babu yake.

Na kila mji una yake. Detroit ni Wagiriki: nenda katikati ya jiji ukaone migahawa ya American Coney Island na Lafayette, zimepakana ukuta kwa ukuta, watu wanagawanyika hapo kama mashabiki wa Gor na Ingwe kwenye soka la Kenya. Wao wanamwagia mchuzi mzito wa nyama ya kusaga usio na maharagwe, lakini haradali na kitunguu kibichi vipo. Flint, mwendo wa saa moja tu kwa gari, mchuzi huo ni mkavu, na usiwaambie watu wa Flint kuwa ni kitu kilekile. Tucson, Arizona, Wameksiko wa Sonora wanaizungushia soseji bekoni, ile nyama ya nguruwe, wanaiweka kwenye mkate mnene, kisha maharagwe, nyanya, kitunguu, mayonezi na haradali. Mgahawa wa El Güero Canelo wa huko walipewa tuzo ya mapishi ya James Beard mwaka 2018, na walianza na toroli. West Virginia wanaweka saladi ya kabichi. New York ni kabichi iliyochachushwa, au kitunguu kilichopikwa kwenye sosi nyekundu. Seattle wanapaka jibini laini, hao tuwaachie.

Tazama hapo vizuri. Mgiriki alikuja na viungo vyake, lakini haradali hakuitupa. Mmeksiko alikuja na maharagwe, haradali akaiacha palepale. Mgeni aliongeza chake juu ya kile ambacho mteja tayari anakijua. Jifunze cha wenyeji kwanza. Nitalirudia hili hadi mchoke.

Wewe wa Dallas, kwa mfano, umewahi kula soseji ya kijiti pale kwenye maonyesho ya jimbo? Ile inayochovywa kwenye rojo la unga wa mahindi ikakaangwa? Fletcher's wameiuza hapo kwa zaidi ya miaka 80, na watu wanaila na haradali. Unga wa mahindi, ndugu yangu! Mlango umefunguliwa upande wako, na wewe umeng'ang'ania ukwaju.

Sasa niseme linalonikaa kooni. Kwenye harambee moja ya msiba, mtu mzima tunayemheshimu sana hapa aliniuliza mbele ya ukumbi mzima: "Yaani ulivuka bahari kuja kuuza smokie?" Watu wakacheka. Nami nikacheka, sahani ikiwa mkononi. Kwa jamii yetu ukifika Marekani kuna njia mbili, kusomea unesi au kuendesha lori, na anayechagua ya tatu anaombewa. Tangu siku hiyo watoto wa yule bwana wamepanga foleni kwenye toroli langu zaidi ya mara moja. Nimewahudumia vizuri na pilipili nimewaongezea. Baba yao bado namsubiri.

Vijana, kazi inayokulisha haina aibu. Aibu ni kuifanya ovyo. Nimeona watu wetu wanaanza biashara ya chakula huku wakitegemea huruma ya Wakenya wenzao, na nyanya zimenyauka. Heshimu mteja. Heshimu kitunguu. Jifunze cha wenyeji kwanza.

Turudi kwa kachumbari, maana ninayo, na ndiyo inayowaleta tena. Haimo ndani ya hotidogi. Inakaa pembeni, kwenye chombo chake. Mteja anapewa ya Chicago kamili, na akiuliza kile ni nini, anaonjeshwa kwa kijiko. Nyanya, kitunguu na pilipili tayari anavila kwenye hotidogi yake, kwa hiyo kigeni kwake ni dania na ndimu tu. Jumamosi za soko la mtaa, kachumbari huisha kabla ya soseji.

Lakini sikiliza kwa makini wewe uliyezoea beseni la stejini. Kanuni za chakula zinazofuatwa huku zinataka nyanya iliyokatwa isizidi nyuzi 5 za Selsiasi, na soseji iliyopashwa isishuke chini ya 57. Mkaguzi anakuja na kipimajoto na hana utani. Chombo changu kinakaa ndani ya barafu, na nakata kidogo kidogo. Uliza pia mapema utaosha na kulaza toroli kwenye jiko gani lenye leseni, kwa sababu miji mingi haikuruhusu kuandaa chakula nyumbani kwako.

Na kama una wateja Waislamu, usiwaambie "ni ng'ombe" ukadhani umemaliza. Ng'ombe tupu si lazima iwe halali. Nunua soseji yenye cheti, na zile za bekoni za mtindo wa Tucson zitengenezee mahali pengine kabisa.

Faida? Majira ya joto siwezi kulalamika. Ila kuanzia Desemba upepo wa Ziwa Michigan unafagia barabara nzima na hakuna anayesimama kula nje. Miezi hiyo toroli liko gereji, na mimi nafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Naam, na sare ya kinesi ninayo. Yule bwana asijue.