Maji ya Beseni Yanatosha

Malezi: maswali ya wasomaji

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina binti wa miaka miwili na nusu, tunaishi Gungu, Kigoma. Akisikia ndoo imetuliwa uani, tayari yuko pale: anachota, anamwaga, analowa mpaka kichwani. Mama mkwe ananigombeza kwamba maji tunanunua kwa dumu, na kwamba mtoto atapata mafua. Mimi nimesikia michezo ya maji inamfundisha mtoto. Ni kweli? Na je, nimpeleke ziwani akacheze huko?
Mama wa Gungu

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ni kweli. Nimefundisha chekechea Ujiji kwa miaka mingi, na mtoto aliyezoea kuchota, kumimina na kukamua kitambaa huwa anashika kalamu bila kuhangaika. Vidole vyake vimeshapata nguvu nyumbani.

Mtazame anapomimina maji ya kopo kwenye kikombe. Mkono unainama, jicho linafuata, kikombe kinajaa, kinafurika, anashtuka na kuacha. Wewe mpe maneno wakati huohuo: kimejaa, bado kidogo, kitupu, kizito, taratibu. Kama nyumbani mnasema Kiha, mwambie kwa Kiha. Neno humkaa mtoto linapomfikia huku kitu chenyewe kiko mkononi mwake. Kumwachia beseni ukaenda zako kupika hakumfundishi hata nusu ya hayo, tena ni hatari, nitalirudia.

Vifaa viwili kwa siku vinatosha. Leo kopo na kikombe. Kesho kitambaa cha kukamua. Siku nyingine toboa matundu kwa msumari kwenye kitako cha chupa ya plastiki, aijaze, ainyanyue, aone mvua yake. Mpe brashi kuukuu ya rangi apake ukuta kwa maji. Jua la saa nne likikausha, atakuuliza yameenda wapi. Mpe chungwa zima alitie majini, litaelea. Limenye mbele yake, alirudishe: litazama, kwa sababu ganda ndilo linalobeba hewa. Mawese nayo ni somo zuri, tone moja tu juu ya maji, alikoroge, aone linavyokataa kuchanganyika. Siku hiyo mvalishe nguo iliyochakaa, maana doa la mawese unalijua.

Miaka miwili mitatu ijayo atamimina maji yaleyale kutoka bakuli pana kwenda glasi nyembamba, akuambie yameongezeka. Usimcheke wala usimsahihishe. Jean Piaget, mtaalamu wa Uswisi, alionyesha kwamba watoto wengi wasiofika miaka saba hivi hupima kwa kimo tu. Mwambie, "Hebu yarudishe tuone," umwache afikiri.

Kuhusu mama mkwe, usishindane naye, na kwenye gharama ana haki. Tumia maji yaliyosuuza mchicha, na mchezo ukiisha mtoto ayabebe kidogokidogo kwa kopo akamwagilie migomba. Hapo hakuna kilichopotea. Mafua huletwa na virusi, hayaletwi na maji. Lakini mtoto aliyelowa akipigwa na upepo atatetemeka, kwa hiyo chagua saa nne hadi saa tano asubuhi, kisha mkaushe na kumbadilisha nguo. Tena mwombe bibi mwenyewe akae kigodani amhesabie mjukuu vikombe: kimoja, viwili, vitatu. Nimeona mabibi wengi waliokuwa wakipinga wakageuka walimu wazuri kuliko sisi.

Sasa hatari. Mtoto wa umri huu kichwa chake ni kizito ukilinganisha na mwili wake. Akiinamia ndoo akatumbukia, hawezi kujiinua. Sentimita chache za maji zinatosha kumzamisha, na mara nyingi hazami kwa kelele, utasikia kimya tu. Beseni liwe na maji yasiyozidi kina cha vidole vinne, nawe uwe umbali wa mkono kumfikia. Simu ikiita na unataka kuipokea ndani, mbebe uende naye. Mkimaliza, mwaga yote, ndoo ifudikizwe, na pipa lifunikwe.

Ziwani hapana, kwa sasa. Tanganyika tunalipenda, lakini pwani zenye majani na konokono ndipo kichocho kinapopatikana, na vijidudu vyake hupenya ngozi bila mtoto kuhisi, hahitaji kuyanywa. Kama mnatumia maji ya ziwa nyumbani, yachuje kwa kitambaa safi na uyaache siku mbili kwenye chombo kilichofunikwa kabla hajayachezea, maana vijidudu hivyo haviishi muda huo. Ya bomba ni bora zaidi. Na kama alishawahi kuchezea maji ya ufukweni, mpeleke kituo cha afya wampime.

SWALI: Mwalimu, mwanangu wa miaka mitatu analia kila akiogeshwa. Maji yakifika kichwani anapiga mayowe mtaa mzima. Nifanyeje?
Baba wa Tabora

JIBU: Baba, acha kwanza kummwagia kichwani. Mfute kichwa kwa kitambaa kibichi kwa wiki kadhaa. Mchana mkalishe uani na kopo na karai dogo, aoshe vikombe vya plastiki au mdoli, yeye ndiye amwage. Kisha aoshe miguu yako, halafu miguu yake, halafu magoti. Kila hatua asubiriwe mpaka aicheke. Siku atakapotaka kujimwagia begani, mwachie kopo alishike mwenyewe, na kabla ya kichwa mwambie, "Funga macho, angalia juu." Ndugu wakimwita mwoga, wakataze palepale, mtoto akiwa anasikia.